Mwano Uliofika Mara Mbili: Safari Yangu ya Kiloleli

Nilikwenda Kiloleli kumtoa mtu mmoja neno moja mdomoni: "Niliiba." Hakuna lingine. Nasema hivi mapema kwa sababu nasikia huku nyumbani safari hiyo inasimuliwa vilabuni na watu ambao hawajawahi kuvuka Lamadi, na kila mmoja ameitia chumvi yake. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kalamu naijua, na mizani naijua kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Basi someni kwa aliyesafiri.

Mtu mwenyewe ni Luhende. Miaka mitatu kabla ya safari hii sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, walimtenga kwa wizi wa ng'ombe, na mkuu wao, ntemi wao, nilikuwa mimi. Kutengwa kwetu mnakujua. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto, mwisho unafunga mzigo mwenyewe bila kufukuzwa. Luhende alifunga mzigo akaenda Kiloleli. Mama yake, Mayu Limi, alibaki. Sasa Mayu Limi alikuwa anaumwa, na mganga wa zahanati alishawaambia wajukuu wamrudishe nyumbani, wampe anachotaka kula. Hakutaka kula kitu. Alitaka kumwona mwanawe kabla hajafa.

Kanuni yetu ilikuwa nyepesi. Aliyetengwa anakiri mbele ya mkutano, anatoa ng'ombe, watu wanakula, yanaisha. Luhende hakuwahi kukiri. Bila kukiri hakuna kurudi, hata mama awe anakata roho. Wazee walinijia wakisema Ntemi, fanya jambo. Nikawaambia jambo ni moja, nitaenda kulileta mwenyewe.

Alfajiri, Dutwa. Niliiacha baiskeli yangu kwa fundi nikapanda mbele ya lori la pamba linalokwenda upande wa ziwani. Msimu ulikuwa umepamba moto. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, upende usipende. Ilipokuja ruksa ya watu binafsi kununua, kila mwenye viatu akawa mnunuzi. Walikuja vijana kutoka mijini na miwani ya jua, hawajui pamba yenye umande na pamba kavu, wanashika fundo la pamba kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. Mwaka uliofuata huwaoni. Mimi nilianza na chumvi na ngozi juu ya baiskeli, ikaja mizani moja ya kununulia pamba, zikawa tatu, na sikuazima akili ya mtu. Dereva wa lori naye alikuwa na maoni juu ya serikali, juu ya mvua, juu ya wanawake wa Bariadi. Nilimwambia aangalie barabara. Akaangalia kidogo.

Kwa kuwa dereva hakuwa na la maana, nilipitia kesi ile kichwani, nami nawapitishia ninyi ili asipotee mtu mbele ya safari.

Ilikuwa msimu wa kwanza wa ruksa. Asubuhi, jua halijapanda, mwano ulitufikia kutoka magharibi. Vijana wa siku hizi mnaojua redio tu, mwano ni yowe la hatari. Boma likiibiwa wenyewe wanapiga, jirani akisikia anapokea na kupeleka mbele, kijiji kwa kijiji, na kila mwanaume anashika upinde anakimbilia kule lilikotoka. Mwano ule ulisema ng'ombe wameibwa, yumo dume jeupe lenye pembe iliyolegea. Tukakimbia. Luhende alikimbia mbele yangu, nilimwona. Tulipofika mbali tukaambiwa ng'ombe wamepatikana porini, wezi wamewaacha. Tukarudi. Luhende akaaga kwamba anakwenda upande wa mashariki kutafuta ndama wake aliyepotea.

Jua likiwa linashuka, mwano tena, safari hii kutoka mashariki, upande wa kijiji cha Mbugani. Ng'ombe wameibwa, yumo dume jeupe lenye pembe iliyolegea. Mtwale wangu, ndiye msaidizi wa ntemi, akasema wezi wa mwaka huu wanapenda weupe. Tukacheka, na mimi nikiwemo, tukakimbia. Katikati ya mbuga tukakutana na watu wa Mbugani wanakuja mbio kwetu. Na kati yao na sisi yupo mtu mmoja anatembea, kamba begani, ndama hana. Luhende.

Ng'ombe wa wizi huo wa pili hawakuonekana, wala kwato zao. Hilo ndilo lililommaliza. Katika baraza mtu alisimama akasema mwizi anayeacha kwato ni mwanafunzi, huyu asiyeacha hata unyoya ni bingwa. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilipiga muhuri. Na msiharakishe kucheka, maana wengi wenu mlikuwepo na mliguna.

Saa sita, Lamadi. Hapo barabara ya kwetu inaingia barabara kuu ya Mwanza, na kila mtu anajifanya ana haraka. Nilikula sangara kwa ugali kwa mama mmoja aliyeniuliza kama natoka porini. Nilimwambia porini kwetu watu wananawa kabla ya kukuuliza habari za kwenu. Akanipa kipande kikubwa zaidi. Watu wa ziwani ukiwabana wanakuwa wema.

Alasiri, Kiloleli. Luhende alikuwa anafyatua matofali karibu na kisima, matope mpaka kwenye viwiko, amekonda, nywele zimeanza kuwa na mvi. Aliponiona aliweka kibao chini akanawa mikono kwanza. Alinisalimia kwa heshima zote, "Mwadila, Ntemi," akanipa kigoda chake, yeye akakaa juu ya rundo la matofali. Adabu hiyo ilinikera. Mwizi akikuheshimu unajiona unaibiwa tena.

Nilimweleza hali ya mama yake bila kuipunguza. Nikamwambia kesho kuna lori, unakuja nami, unasema neno moja mbele ya watu, ng'ombe nitakukopesha mimi, keshokutwa unakaa na Mayu Limi. Alisikiliza akichokonoa matope kwenye kucha. Kisha akauliza kama mama yake bado anaona. Nikasema kidogo. Akauliza kama anasikia. Nikasema anasikia kuliko mimi.

"Basi siwezi, Ntemi," akasema. "Nikikiri, atasikia. Afe akijua mwanawe yuko mbali. Asife akijua amezaa mwizi."

Nilimwambia ni mkaidi. Nilimwambia ujinga wa aina hiyo ndio unaojaza makaburi. Nikamtajia watu watatu waliokiri mambo madogo kuliko lake na leo wanacheza ngoma na wenzao. Akaniacha nimalize.

"Wale waliokiri, walikuwa wameiba?"

Nikasema ndiyo, walikuwa wameiba.

"Sasa unaona tofauti, baba yangu."

Nikanyanyuka. Hakunifuata, wala hakurudi kwenye matofali. Nilipogeuka mara moja nilimkuta amesimama vilevile.

Jioni, nyumbani kwa Kabula. Kabula ni binti yangu, mwalimu wa fizikia kwenye sekondari ya huko. Niliuza ng'ombe akasoma mpaka chuo kikuu. Wenzangu waliosomesha wana mabwana shamba, wana makarani wa benki. Mimi nina mtu anayesoma habari za nyota. Nilimkuta ameinamia jarida alilotumiwa na mwenzake aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo, chai imepoa pembeni. Nikamuuliza nyota zimepandaje bei wiki hii. Amezoea. Akanipa michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vikavu, akaniuliza kwa nini uso wangu umekunjamana, nikasema jua. Sikumwambia habari za Luhende. Akaamua kunichangamsha kwa jarida lake, na hapo ndipo nilipopata kisa cha kijinga kuliko vyote nilivyowahi kusikia, hivyo ndivyo nilivyodhani.

Alisema kuna kitu kinaitwa kwasari. Kwa darubini kinaonekana kama nyota, lakini si nyota, ni kiini kinachowaka cha kundi zima la nyota, mbali mno, mwanga wake ulitoka huko kabla dunia haijawa na watu. Wataalamu waliziona mbili zimekaa karibu karibu. Wakaziandika mbili. Kumbe ni moja.

"Wamelewa?" nikauliza.

"Hawajalewa, baba. Subiri."

Akaenda akaleta chupa ya soda, ile nene ya kioo, akaweka punje moja ya mahindi juu ya meza, akaniambia niitazame kupitia kitako cha chupa. Nikatazama. Punje zikawa mbili, moja huku, moja kule. Nikanyoosha mkono nikaokota. Ilikuwa moja. Nikamwambia watoto wa kwetu wanachezea chupa hivyo hivyo machungani na hawalipwi mshahara.

Akasema ndiyo, lakini huko juu chupa ni kundi jingine la nyota, zito ajabu, limekaa katikati yetu na ile kwasari. Uzito unavuta. Unavuta jiwe, unavuta maji, na mwanga nao hausalimiki, unapinda njia. Basi mwanga wa kitu kilekile, uliotoka siku ileile, mwingine unapita upande huu wa lile zito, mwingine unapita upande ule, wote unatufikia sisi. Aliyesimama huku akitazama, unakuja kutoka pande mbili, anaapa vitu ni viwili.

Nikamuuliza nani alishtuka. Akasema ni rangi. Mwanga ukichambuliwa una alama zake, kama chapa ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe, na hizo mbili zilikuwa na chapa moja. Halafu kwasari haitulii. Inang'aa, inafifia. Waliona ya kwanza imefifia kwa namna fulani, wakaingoja ya pili, ikafifia kwa namna ileile baada ya siku mia nne na kitu. Zaidi ya mwaka. Kumbe habari ni ile moja, imepita njia mbili, nyingine imechelewa.

"Kwa nini ichelewe hivyo? Mwanga unazurura?"

"Sababu mbili. Njia moja ni ndefu kuliko nyingine. Na inayopita karibu zaidi na ule uzito inacheleweshwa na uzito wenyewe. Ukipima urefu tu, hesabu haikubali. Lazima uuhesabu na uzito."

Akaongeza kwamba waligombana miaka mingi juu ya idadi ya siku, na ni hivi karibuni tu wamekubaliana, na kwamba kutokana na kuchelewa huko mtu anaweza kujua ulimwengu ni mkubwa kiasi gani. Nilicheka mpaka michembe ikanipalia. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanagombana miaka kwa sababu wamehesabu kimoja mara mbili. Nikamwambia hao wangekuja kwetu hata uchungaji tusingewapa. Sisi huku ng'ombe hatuhesabu mara mbili. Kabula alinitazama, akasema pole pole kwamba kukosea hakukuwa aibu yao, wangeng'ang'ania ndiyo ingekuwa aibu. Nikamwambia anipe maji ya kuoga.

Asubuhi. Sitawadanganya kwamba sikulala. Mimi hulala. Lakini niliamka na dume jeupe kichwani. Nilimkuta Kabula anasahihisha madaftari, nikamuuliza kama mtu asiyejali: zile mbili, kama zingekuwa kweli mbili, zinafanana tu kwa bahati, wangejuaje?

"Wangeuliza kule zinakotoka," akasema. "Hawawezi kufika huko, baba, ndiyo maana wanahangaika na darubini. Wangeweza kufika wangekwenda kwa miguu."

Akauliza kwa nini nauliza. Nikasema nataka kujua fedha zangu za ada zilikwenda wapi. Nikapanda lori la kwanza, sikumuaga Luhende.

Mchana, Dutwa tena. Nilichukua baiskeli. Badala ya kushika njia ya nyumbani nilikwenda kijiji cha Vilimani, nyuma ya vile vilima vya mawe vinavyotukinga upande wa kaskazini. Ndiko mwano wa kwanza ulikotoka, hilo tulilijua siku ileile. Mbugani nako ndiko ulikotoka wa pili, nako tulijua. Kilichonisumbua ni kwamba katika miaka mitatu, mimi ntemi, mtu wa mizani tatu, sikuwahi kumjua kwa jina mwenye ng'ombe wa wizi wa pili. Sisi tulidhani waliibiwa watu wa Mbugani. Nikajiuliza, wao walidhani kaibiwa nani?

Mwenye boma la Vilimani alikuwa mzee kama mimi, kiziwi wa sikio moja, anapiga kelele hata akiomba ugoro. Nikamuuliza juu ya dume jeupe. Akanipeleka kulionyesha. Lilikuwepo, limezeeka, pembe ya kushoto inaning'inia kama sikio la mbuzi. Nikamuuliza aliibiwa mara ngapi mwaka ule.

"Mara moja," akapiga kelele. "Unataka niibiwe mara ngapi?"

Na mwano mliupeleka wapi? Akanitazama kama natania. Akasema mwano una upande? Walioko magharibi ya vilima waliupokea wakaupeleka magharibi, walioko mashariki wakaupeleka mashariki. Vilima viko katikati, sauti haipiti kwenye mawe, inazunguka huku na huku. Alisema hivyo kwa urahisi wa mtu anayesema ng'ombe ana miguu minne. Nikashukuru, "Wabeja," nikapanda baiskeli.

Hata hivyo sikukubali. Mimi si mtu wa kukubali haraka. Nilishika ile njia ya mashariki yenyewe, kijiji kwa kijiji, nikipima. Njia ni ndefu kweli, ni karibu mara mbili ya ile ya magharibi. Lakini mwano hautembei kwa baiskeli, unatembea kwa makoo ya watu. Uliotoka alfajiri, kwa urefu ule, ungetufikia kabla uji wa asubuhi haujapoa. Wetu ulifika jua linashuka. Nikajiambia, haya, umeokoka, hesabu haikubali, Luhende ni mwizi na binti yako aendelee na chupa zake. Nilikuwa nimeanza hata kupiga mluzi.

Alasiri, Mbugani. Hapo nina mizani yangu moja mpaka leo, na karani wake ni Maduhu, mtu mwenye sauti kubwa na mwandiko mzuri. Alidhani nimekuja kukagua, akaanza kunionyesha marobota. Nikamwambia akae. Nikamuuliza siku ile ya mwano, msimu wa kwanza, uliwafikia saa ngapi hapa.

Maduhu akafikiri. Akasema asubuhi, umande bado haujakauka. Anakumbuka kwa sababu ndiyo siku tuliyofungua mizani hii, na alikuwa hajapima hata fundo la kwanza. Watu walikuwa wamejipanga mpaka kwenye duka la zamani, na kila mmoja anaogopa mnunuzi wa ruksa asije akapanda lori akaondoka.

"Mwano ukaingia. Wanaume wakataka kutoka. Nikawaambia atakayetoka kwenye foleni asirudi. Wewe mwenyewe uliniambia, Ntemi. Uliniambia siku uliyoniajiri nisiruhusu foleni ivunjike hata nyumba ikiungua."

"Na wakakaa?"

"Wakakaa. Tulimaliza kupima saa tisa hivi. Walipomaliza ndipo wakaupokea wakaupeleka kwenu. Walikimbia sana, nadhani kwa aibu."

Nilimuuliza walidhani kaibiwa nani. Akasema, "Si ninyi? Tulipokutana mbugani mnakuja mbio, tukajua mmeibiwa ninyi."

Hapo sikuwa na pa kujificha. Njia moja ndefu, na uzito kando ya njia. Uzito wenyewe ulikuwa mizani yangu. Mwano uliokawia kwangu kutwa nzima ndio niliousikiliza jioni kama habari mpya, nikaita wizi wa pili, nikamtafutia mwizi, nikampata. Wale wa darubini niliowacheka kwa michembe mdomoni, angalau hawakumtenga mtu. Maduhu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aangalie marobota yake.

Kesho yake asubuhi, nyumbani. Kuitisha baraza letu kunachukua siku, mjumbe aende, mjumbe arudi, huyu yuko shamba, yule yuko msibani. Mayu Limi hakuwa na siku hizo. Nikasimama juu ya kichuguu nyuma ya boma langu nikapiga mwano mimi mwenyewe. Anayepiga mwano bila wizi anatozwa ng'ombe, kanuni hiyo niliitunga mimi. Walikuja na pinde, wanahema, wa kwanza mtwale wangu.

"Wameibwa wapi, Ntemi?"

"Hawakuibwa," nikasema. "Hao ndio ninaowataja. Wale wa Luhende, ambao hatukuwaona kwato, hawakuwepo."

Niliwaeleza. Sikutumia chupa wala kwasari, maana najua vichwa vyenu. Niliwaeleza mwano mmoja, vilima katikati, njia mbili, na mizani yangu. Wengine walielewa mapema wakaangalia chini. Wengine nilirudia. Mmoja aliuliza kama basi yule dume jeupe walikuwa wawili, nikamwambia aende nyumbani akalale. Mtwale alinivuta pembeni akasema nimwite Luhende kwa msamaha, nisiseme tulikosea, maana sungusungu wakisema wamekosea nani atawaogopa. Nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti, kwamba wezi watatuogopa vilevile, asiyetuogopa tena ni mpumbavu aliyekuwa anatuamini bila kuuliza, na huyo aondoke tu. Ng'ombe wa kosa la mwano nilimtoa mimi. Mlimla. Sikumwona aliyekataa nyama.

Siku ya tatu Luhende alishuka kwenye lori Dutwa, nami nilikuwa pale na baiskeli mbili. Nilikuwa nimetuma barua fupi kwa Kabula ampelekee: njoo, hukuiba, nimekosea mimi. Njiani hakunilaumu. Aliuliza tu mara mbili kama mama bado yupo, nikasema yupo, nikazidi kukanyaga pedeli.

Mayu Limi alikuwa amelala chumbani juu ya ngozi, amebaki mifupa na macho. Luhende alipiga magoti. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaushika muda mrefu. Mimi niliona ni haki yangu kusema, nikamwambia Mayu, mwanao hakuiba, hakukuwa na wizi wa pili, baraza limesema. Nilidhani atashukuru. Mtu wa cheo huwa anategemea shukrani.

"Mimi nilijua ameiba," akasema.

Luhende akainua kichwa.

"Mwano ulilia mara mbili, Ntemi. Nilikuwa hapa, niliusikia kwa masikio yangu. Asubuhi, halafu jioni. Ukaja ukasema ni yeye. Miaka mitatu nimemlaani mwanangu kila nikiamka, kwa sababu yako. Toka nje, niongee naye kabla sijafa."

Nilitoka. Nilikaa uani kwenye kinu kilichopinduliwa, pamoja na kuku, mtu mwenye mizani tatu, nikisikia sauti ya mtoto wake ndani na sikusikia maneno. Mayu Limi aliishi siku tano. Luhende alimzika. Ameshajenga tena, yuko kwenu hapo, muulizeni kama nimeongeza neno.

Nilichojifunza ni kidogo na mnaweza kukibeba hata ninyi. Watu wawili wakikuletea habari moja, usiseme una mashahidi wawili. Waulize waliitoa wapi, fuata njia zote mbili mpaka mwanzo, na ukifika mahali ilipokawia, tazama kwanza kama aliyeikawiza si wewe. Ingenichukua siku moja kwa baiskeli. Mimi nilichukua miaka mitatu, na mama mmoja aliitumia yote kumlaani mtoto ambaye hakukosa kitu.